Chombo gani cha kupakia faili kinafaa rekodi ndefu za sauti? Watu wanasubiri nusu saa halafu inagoma

kinasa ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Naomba mnisaidie kuchagua, maana nimesoma mpaka macho yanauma na kila maktaba ya msimbo inajisifu kuliko mwenzake.

Ninaendesha tovuti ndogo ya kukusanya simulizi za wazee. Mjukuu anamrekodi bibi au babu yake kwa simu, anaingia kwenye tovuti, anajaza jina, anaandika mistari miwili kuhusu simulizi yenyewe, anachagua faili, anabonyeza Tuma. Nyuma ya pazia kuna skripti ya PHP (lugha inayoendeshwa kwenye seva) niliyoiandika mwenyewe, iko kwenye seva ninayochangia na wateja wengine, kwa hiyo siwezi kusakinisha kila ninachotaka. Fomu ni ile ya asili kabisa, haina JavaScript (msimbo unaoendeshwa kwenye kivinjari) hata mstari mmoja.

Rekodi fupi zinafika. Ndefu hazifiki. Mtu anasubiri karibu nusu saa, kisha ukurasa unamwambia "Tafadhali jaza jina lako". Na jina kalijaza! Anajaza tena, anasubiri tena, anaambiwa yaleyale. Juzi mmoja kaniandikia kwamba bibi yake kasimulia dakika arobaini bila kupumzika, na tovuti yangu imemuuliza jina mara tatu kama bawabu aliyesahau. Niliona aibu. Wengine hawafiki hata hapo, kwao inakatika katikati na kivinjari kinaonyesha ukurasa wa hitilafu.

Nimebaki na majina manne: maktaba tatu za kivinjari, Dropzone, FilePond, Uppy, au huduma ya kulipia ambayo unabandika vijistari vichache tu, faili zinakwenda kwao. Moyo umeelemea FilePond kwa sababu inapendeza. Ila sehemu ya kuburuta na kuachia ina faida gani kwa mtu anayetumia simu, hapo sijui. Nyie mnatumia nini?

fundi_wa_usiku amejibu:

Dada, usichague chochote bado. Una magonjwa mawili na unatafuta dawa moja.

Ugonjwa wa kwanza ni huo wa jina. Nakuhakikishia hauhusiani na sura ya fomu yako. PHP ina kikomo kinaitwa post_max_size, ni ukubwa wa mzigo mzima wa fomu, faili pamoja na maandishi. Mzigo ukizidi hapo, PHP haikatai faili peke yake. Inaacha kila kitu: $_FILES (panapowekwa faili) tupu, $_POST (panapowekwa maandishi) nayo tupu. Skripti yako inaamka, inatafuta jina, haioni, inafanya ulichoifundisha: "Tafadhali jaza jina lako." Haijasema uongo, kwa upande wake kweli hakuna jina.

Kwa nini mtu asubiri nusu saa kwanza? Kwa sababu kwenye seva nyingi mbele ya PHP yuko Nginx, programu inayopokea maombi ya wageni, na kwa kawaida yake anapokea mzigo wote mpaka mwisho ndipo anaupitisha ndani. Mgeni anabeba gunia zima mpaka mlangoni, ndipo anaambiwa mlango ni mdogo.

Chungulia phpinfo(), inayoonyesha mipangilio ya PHP, utuambie namba za post_max_size na upload_max_filesize (kikomo cha faili moja). Zisipoguswa huwa ni 8M na 2M. Yako lazima iliongezwa, la sivyo hata hizo fupi nyingi zisingepita.

Leo hii, kabla ya kununua au kusakinisha chochote, weka mstari huu juu kabisa ya skripti: kama ombi ni POST (la kutuma fomu), $_POST na $_FILES ni tupu, na CONTENT_LENGTH (ukubwa wa mzigo uliotangazwa) ni kubwa kuliko sifuri, mwambie mtu "Faili ni kubwa mno, kikomo ni kadhaa." Bora zaidi, mwambie kabla hajatuma. Kivinjari kinajua ukubwa wa faili mara tu anapoichagua, kwa JavaScript ni file.size.

Swali langu lingine: hizo rekodi ni za aina gani? WAV (sauti isiyobanwa) au M4A (iliyobanwa)?

kinasa amejibu:

Nimecheka peke yangu hapo kwa gunia. Zote mbili ni 64M. Nimeangalia folda: zilizofika karibu zote ni M4A. Waliolalamika nimewauliza, watatu kati ya wanne walitumia programu ya kurekodi inayotoa WAV.

fundi_wa_usiku amejibu:

Ndiyo hapo. Piga hesabu nami. WAV ya kawaida, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, chaneli moja: ni baiti 88,200 kila sekunde. Dakika arobaini ni takriban MB 212. Ikiwa chaneli mbili, zidisha mara mbili. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 1 kwa sekunde, MB 212 ni dakika 28. Hiyo ndiyo nusu saa yako.

Simulizi hiyohiyo kwa M4A ya kilobiti 64 kwa sekunde ni kama MB 19, inafika ndani ya dakika tatu, na sauti ya mtu mmoja anayeongea inasikika vizuri tu. Kwa hiyo sentensi moja kwenye ukurasa wako, "ukiweza, rekodi kwa M4A", inashinda majina yote manne uliyotaja. Sisemi uwafukuze wa WAV. Anayehifadhi sauti kwa miaka mingi ana sababu ya kuitaka WAV, na bibi hawezi kurudia simulizi ileile kwa pumzi ileile.

Ugonjwa wa pili ni kukatika. Hapo ndipo chombo kinapohusika. Fomu ya asili ikikatika kwenye asilimia 97 inaanza sifuri. Unataka kitu kinachogawa faili vipande na kurudia kipande kilichopotea peke yake. Dropzone inaweza ukiwasha chunking na retryChunks (zote zimezimwa mpaka uziwashe). FilePond inaweza kwa chunkUploads. Uppy inaweza, na ina kitu cha ziada nitakieleza.

Vipande vina faida nyingine kwako: kila kipande ni ombi dogo, kwa hiyo kikomo cha 64M hakikuhusu tena. Kipande cha kawaida cha Dropzone ni takriban baiti milioni mbili, kinapenya hata kwenye PHP ambayo haijaguswa. Ila kwa Nginx ambaye hajaguswa hakipenyi, kikomo chake cha kuzaliwa ni 1m na atakurudishia hitilafu 413, yaani mzigo ni mkubwa mno. Kwako ni wazi aliongezewa.

Kitu cha ziada cha Uppy ni tus. Hiyo ni kanuni ya wazi ya kupakia kwa kuendeleza: kivinjari kikirudi kinaiuliza seva "uliishia baiti ya ngapi?", seva inajibu, kinaendelea hapohapo. Hata mtu akifunga ukurasa, akirudi kesho na kuchagua faili ileile, inaendelea. Vipande vya Dropzone haviwezi hivyo, ukurasa ukifungwa umeanza upya. Lakini tus inataka seva inayoielewa. Ile rasmi, tusd, ni programu inayokaa macho muda wote, na kwenye seva ya kuchangia hawatakuruhusu. Kuna iliyoandikwa kwa PHP, ila sijaitumia kazini.

Kuhusu kuburuta na kuachia: kwa mtu wa simu haina faida yoyote. Ni pambo la watu wa kompyuta.

BiMkaguzi amejibu:

Nimewasoma wote mpaka hapa na hakuna aliyeuliza faili zinakaa wapi zikishafika. Mdogo wangu, folda yako ya rekodi iko ndani ya folda ya tovuti? Mtu akijua jina la faili anaweza kuifungua kwa kivinjari moja kwa moja?

Nauliza kwa sababu nimeungua. Miaka kadhaa nyuma niliandika fomu ya kupokea nyimbo za kwaya. Nilikagua jina la faili kwa kutafuta ".mp3" ndani yake, nikajiona nimemaliza. Mtu akaleta "wimbo.mp3.php". Ina .mp3 ndani yake au haina? Inayo. Ikapita, ikakaa kwenye folda ya wazi, akaifungua kwa kivinjari, na PHP ikaitekeleza kama skripti yangu mwenyewe. Niligundua baada ya siku tisa, tovuti ilipoanza kutuma barua pepe za matangazo usiku. Kusafisha kulinichukua wikendi mbili, na sikuamini faili hata moja iliyobaki.

Wala msidhani maktaba maarufu inakukinga. jQuery File Upload ilikuwa ikitumika kila kona, na mwaka 2018 ikatangazwa ina tundu la aina hiihii, CVE-2018-9206, lililokaa miaka minane. Mfano wake wa PHP ulitegemea faili la .htaccess (maagizo ya folda kwa seva) kuzuia skripti zisitekelezwe kwenye folda ya kupokelea. Apache, programu ya seva, kuanzia toleo la 2.3.9 ikaacha kuzisoma .htaccess isipoambiwa. Kinga ikabaki kwenye folda kama kitasa kisicho na mlango. Aliyeandika maktaba hakubadilisha kitu, chini yake ndiko kulikobadilika.

Kwa hiyo nitasema ninavyofanya sasa. Faili zinakaa nje kabisa ya folda ya tovuti. Jina la mtumaji naliandika kwenye hifadhidata tu, faili yenyewe naipa jina la nasibu nililotunga mimi. Anayetaka kusikiliza anapitia skripti inayosoma faili na kuitoa kama sauti, pamoja na kichwa cha X-Content-Type-Options: nosniff ili kivinjari kisianze kubahatisha. Na siamini aina ya faili anayotangaza mtumaji, hiyo kivinjari mara nyingi kinaisoma kwenye herufi za mwisho za jina tu. Nafungua baiti za mwanzo: WAV inaanza na RIFF na baadaye kidogo WAVE, M4A ina ftyp kuanzia baiti ya tano. Hata hilo si ukaguzi kamili, mtu anaweza kughushi mwanzo. Lakini ikikaa mahali isipoweza kutekelezwa, ikighushiwa itaniharibia nini?

Hayo yote yanafanyika kwenye seva. Dropzone, FilePond, Uppy, zote ziko kwenye kivinjari cha mtu mwingine, na mtu mwingine anaweza asizitumie kabisa. Anaandika ombi lake mwenyewe na kulituma kwa skripti yako.

ghala_la_mbali amejibu:

Mimi naona mnamzungusha. Kwa nini faili ya MB 212 ipite kwenye PHP hata kidogo? Weka hifadhi ya nje inayofuata kanuni za S3, hifadhi ya faili ya Amazon. Skripti yako inafanya kazi moja: inatia saini kiungo cha muda, sema dakika kumi na tano, kivinjari kinapakia moja kwa moja kule. Seva yako haioni hata baiti moja ya sauti. Suala la skripti kutekelezwa linakufa lenyewe kwa sababu kule hakuna PHP. Uppy ina plagini ya kazi hiyo, vipande inavigawa yenyewe.

Mambo matatu tu ya kuangalia. Kwa S3 yenyewe kipande kisipungue MB 5, isipokuwa cha mwisho, na faili moja isizidi vipande 10,000. Pili, kwenye kanuni za CORS (zinazosema tovuti ipi inaruhusiwa kuongea na hifadhi kupitia kivinjari) ruhusu kichwa cha ETag, alama ya kila kipande, kisomeke, la sivyo vipande vyote vitafika na kuunganisha kutashindikana, na utakaa siku nzima ukitafuta kosa kwenye msimbo wako. Mimi nilikaa siku mbili.

La tatu limenila. Mtu akiacha katikati, vipande vyake vilivyofika havionekani kwenye orodha ya faili, lakini vipo na vinahesabiwa kwenye bili. Sikuweka kanuni ya kuvifuta. Miezi minne nikawa nalipia mizimu. Kanuni ni ya mistari michache, "futa upakiaji usiokamilika baada ya siku 7", iweke siku ileile unayofungua hifadhi.

fundi_wa_usiku amejibu:

Ghala, sikatai, mimi mwenyewe ningeenda huko kama faili zingekuwa mia kwa siku. Dada, unapokea ngapi?

kinasa amejibu:

Shikamoo Bi Mkaguzi. Folda ILIKUWA ndani ya tovuti, na inafunguka kwa kivinjari. Nimeihamisha jana usiku kabla hata ya kujibu hapa, mikono ikitetemeka. Nimepitia kila jina la faili, hakuna .php. Nilichokuwa sijafikiria ni kwamba kuna wazee walisema mambo ya familia humo, na mtu yeyote angebahatisha kiungo angesikiliza.

Fundi, napokea tano au sita kwa wiki. Ghala, ulichosema kinanivutia na nitakirudia siku zikiwa nyingi, lakini kwa faili sita kwa wiki sitaki bili ya pili na nenosiri la pili la kulinda. Na huduma ya kulipia nimeiondoa kwa sababu hiyohiyo, pamoja na kwamba wazee walikubali sauti zao zikae kwangu. Hawakukubali kwa mtu wa tatu.

Kwa hiyo nakwenda na Dropzone, vipande vya baiti 2,000,000, kurudia mara tatu. FilePond bado inapendeza kuliko zote, niseme ukweli. Ila mfano wa PHP wa kuunganisha vipande vya Dropzone niliuelewa kwa kusoma mara moja, na nikielewa ndipo ninaweza kuutengeneza ukiharibika saa sita usiku.

BiMkaguzi amejibu:

Marahaba. Jaribu kwa simu mbili kwa wakati mmoja kabla hujawafungulia watu. Usijaribu na moja.

kinasa amejibu:

Narudi na taarifa, pamoja na kisa.

Bi Mkaguzi aliposema simu mbili nilidhani ni tahadhari ya kawaida. Nikachukua yangu na ya mdogo wangu. Mimi nikarekodi dakika kumi nikisoma chochote kilichokuwa mezani, yeye akarekodi dakika kumi akilalamika kwamba namsumbua. Programu ileile, WAV, na simu zote mbili zikaipa faili jina "Rekodi 1.wav". Tukabonyeza Tuma pamoja.

Kistari cha asilimia kikapanda vizuri, kote kukaandikwa imekamilika. Nikafungua ya kwanza kusikiliza. Nikajisikia nikisoma, halafu ghafla, bila hata kelele ya kukatika, mdogo wangu anasema "na chaji yangu inaisha", halafu mimi tena ninasoma, halafu yeye. Nikapima kwa saa: kila mabadiliko yalikuja kwenye sekunde 22 na kitu, au mara mbili yake, au mara tatu. Baiti 2,000,000 gawanya kwa 88,200. Vilikuwa vipande vyangu na vyake vimesukwa mkeka mmoja.

Kosa ni langu. Vipande vya muda nilikuwa navihifadhi kwa jina la faili na namba ya kipande, kwa hiyo "Rekodi 1.wav" kipande cha 4 cha kwangu na cha kwake vilikuwa vinagombea nafasi moja, na aliyechelewa ndiye aliyebaki. Dropzone inatuma utambulisho wa kila faili, dzuuid, na mimi nilikuwa siusomi kabisa. Sasa kila upakiaji una folda yake ya muda kwa huo utambulisho (nakagua kwanza kwamba una herufi na tarakimu na vistari tu, Bi Mkaguzi, kabla hujaniuliza), na vipande vilivyolala zaidi ya siku mbili vinafutwa usiku. Hiyo ya kufuta nimeichukua kwa mizimu ya Ghala.

Jambo jingine nililoliona kwenye simu: skrini ikijizima, upakiaji wa simu ya mdogo wangu ulisimama. Nimeongeza ombi la kuiacha skrini ikiwaka wakati wa kupakia, navigator.wakeLock, na kwa vivinjari visivyoielewa nimeandika tu "usifunge simu mpaka ufike 100". Haizuii mtu kuhamia kwenye programu nyingine, lakini nusu ya malalamiko nadhani yalikuwa hapo.

Yule mwenye bibi wa dakika arobaini ametuma jana. MB 212 kamili kama fundi alivyopiga hesabu, vipande 106, viwili vilirudiwa njiani. Nimesikiliza yote mpaka mwisho nikingoja sauti ya mtu mwingine iingie. Haikuingia.

fundi_wa_usiku amejibu:

Ile ya kusukwa mkeka itunze. Ningelipa kuisikiliza.

kinasa amejibu:

Mdogo wangu kakataa.